Barua ya wazi: Kamera za kasi zije kwenye maeneo ya ujenzi, lakini kibao kitangulie kusema kweli

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,
Mtendaji Mkuu wa TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania),
Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani,
Mkurugenzi Mkuu wa LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini),
na Mkuu wa Mkoa wa Mbeya.

YAH: UDHIBITI WA MWENDO KASI NA FAINI KATIKA MAENEO YA UJENZI WA BARABARA KUU

Waheshimiwa viongozi,

Somo la hapo juu lahusika. Ninawaandikia nikiwa mkazi wa Uyole na mmiliki wa Coaster zinazobeba abiria kati ya Mbeya na Tunduma. Kamera za kasi zikifungwa katika maeneo ya ujenzi, madai ya kwanza huenda yakanifikia mimi na wenzangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Pamoja na hayo, ninaomba zifungwe. Ninachoomba zaidi, na ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika badala ya kupiga kelele stendi, ni kwamba kabla kamera haijaanza kumhukumu dereva, kibao kinachomwamuru apunguze mwendo kiwe kimesimama hapo kwa sababu iliyopo leo, na kiondolewe sababu hiyo ikiisha. Kamera iliyofungwa mbele ya kibao kisicho na sababu itakusanya fedha, lakini haitamlinda mtu.

Upanuzi wa barabara kuu kutoka Nsalaga hadi Ifisi hapa Mbeya, kilomita 29 za njia nne, ni kazi tuliyoililia kwa miaka mingi, na sitaki barua hii isomwe kama malalamiko dhidi ya ujenzi wenyewe. Ugumu unatokana na ukweli kwamba kazi hii haifanyiki porini. Inafanyika katika barabara ileile ambayo malori ya Zambia na Kongo yanaitumia usiku na mchana kwenda na kutoka bandari ya Dar es Salaam. Lori lenye uzito wa tani 56, ambao ndio ukomo unaoruhusiwa na sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, linapita Mbalizi, Iyunga, Mafiat na Sae hadi Uyole likigombea nafasi na daladala, bajaji, bodaboda, mama mwenye beseni la maparachichi kichwani na watoto wa shule wanaosubiri mtu mzima awavushe. Barabara ikichimbwa upande mmoja, wote hao husukumiwa upande wa pili, pamoja na kijiko, greda, bowza la maji na vijana wenye rifleta wanaofanya kazi wakiwa wameyapa magari mgongo.

Katika mazingira hayo mwendo ndio unaoamua ajali iwe ya kukwaruzana bampa au ya kubeba maiti. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Kwa kilomita 40 hukata mita 11. Sekunde moja ambayo dereva anaitumia kung'amua kwamba bendera iliyo mbele yake ni nyekundu, tayari gari limeshakula sehemu kubwa ya nafasi aliyokuwa nayo, na breki hata hajazigusa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa takriban asilimia 4, jambo ambalo madereva wengi hatulijui, kwa sababu sisi tumezoea kudhani kwamba kilomita kumi za ziada ni kitu kidogo.

Naomba pia tuondokane na dhana kwamba anayelindwa na mwendo mdogo ni fundi wa barabara peke yake. Nchini Marekani, ambako takwimu za ajali za maeneo ya ujenzi zimetunzwa kwa muda mrefu, wengi wa wanaokufa humo ni madereva na abiria. Sababu yake mtu yeyote anayepita Mbeya anaweza kuiona: gari lililosimama mwisho wa foleni. Kijana wa bendera anasimamisha magari, foleni inarudi nyuma, inapanda mlima, inakata kona, na gari la mwisho linajikuta limesimama mahali ambapo anayekuja nyuma yake hatarajii kabisa kukuta gari limesimama. Kibao cha kupunguza mwendo kinakuwa kiko mbele, karibu na bendera, ambako hakina tena kazi ya kufanya, maana huko kila mtu ameshasimama. Pale penye hatari hasa, kwenye mkia wa foleni, utakuta tawi la mti limetupwa barabarani na tandiboi (msaidizi wa dereva) wa lori lililotangulia, akijua kwamba uhai wake unalitegemea.

Sasa niseme jinsi udhibiti wa mwendo unavyofanyika kwetu, bila kumvunjia heshima askari yeyote, kwa kuwa wengi wao wanasimama juani na vumbini kwa saa nyingi kuliko sisi. Askari husimama na tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo, mahali pamoja. Gari linalotoka upande wake linapiga taa, linalokuja linaelewa, linapunguza mwendo kwa mita mia tatu au nne, linapita kwa adabu, kisha mguu unarudi palepale ulipokuwa. Udereva wa namna hiyo humfanya mtu amtafute askari barabarani, asimtafute fundi wala mtembea kwa miguu. Tochi ikiondoka kwenda kula chakula cha mchana, kipande kizima cha ujenzi kinakuwa hakina sheria, ingawa kijiko kinaendelea kuchimba.

Kisha kuna vibao vyenyewe, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Upande wa magharibi wa jiji kuna mahali ambapo kibao cha kilomita 30 kwa saa kilisimikwa kwenye tairi kuukuu lililojazwa zege wakati kalvati ilipokuwa ikijengwa. Kalvati imekamilika, lami imemwagwa, mistari imepigwa, na kibao kipo. Majani yameota na kulificha tairi, mtu amebandika tangazo la kuuza kiwanja kwenye mguu wa kibao, na namba 30 imeanza kupauka kwa jua. Hakuna gari linalopita hapo kwa kilomita 30, wala lori, wala basi, wala gari la mkandarasi aliyekiweka. Mbele kidogo, upande wa kushoto, kuna shimo halisi lenye kina cha mtu mzima, ambalo usiku linatambulishwa na utepe mwekundu na mweupe uliokatika na mawe matatu yaliyopakwa chokaa. Dereva anayepita hapo kila siku anafundishwa jambo moja, kwamba kibao cha ujenzi ni pambo, na somo hilo analibeba hadi mahali ambapo kibao cha 30 kimewekwa kwa sababu kuna mafundi watano ndani ya mtaro.

Fikirini basi kamera ikifungwa hapo penye kalvati. Kisheria haitakuwa na kosa, kwa maana kibao kipo na gari lilikuwa na kilomita 55. Lakini wananchi wataichukia kamera ile kwa haki, na chuki hiyo haitabaki hapo penye kalvati.

Wenzetu waliotangulia wameshakutana na jambo hili. Katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kamera za maeneo ya ujenzi zilianza kutoa adhabu mwaka 2020, na zinafanya kazi tu pale ambapo mafundi wapo kazini. Dereva anatangaziwa kwa vibao kabla hajaifikia kamera, kosa linahesabika pale anapozidisha mwendo kwa maili 11 kwa saa au zaidi, yaani kama kilomita 18, na mara ya kwanza mwenye gari hupewa barua ya onyo bila kutozwa chochote. Mara ya pili hulipa dola 75, na kuanzia ya tatu dola 150. Ukitazama utaratibu huo kwa makini utaona umejengwa ili mtu apunguze mwendo kabla ya kukosea, na kama atakosea mara moja, apate nafasi ya kujirekebisha. Maryland, ambako magari mawili yaliyokuwa katika kasi kubwa mno yaligongana Machi 2023 karibu na Baltimore na moja likawaingilia mafundi sita na kuwaua, iliongeza ukali: kuanzia Januari 2025 faini zake hupanda kwa ngazi kulingana na mwendo uliozidishwa, kutoka dola 60 hadi 500, na huongezwa mara mbili mafundi wakiwepo. Majimbo haya mawili yanatofautiana kwa ukali, lakini yote mawili yameifungamanisha adhabu na kuwepo kwa mtu anayelindwa.

Kuhusu kama kamera zenyewe zinasaidia, sidhani kama bado kuna ubishi mkubwa. Mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2010 na Cochrane, taasisi ya kimataifa inayopitia tafiti za afya, yalionyesha kuwa ajali katika maeneo yenye kamera zilipungua, kwa viwango vilivyotofautiana kutoka asilimia 8 hadi 49. Hata ukichukua kile kiwango cha chini kabisa, kwa barabara kama yetu ni familia nyingi ambazo hazitaweka turubai la msiba.

Aina ya kamera nayo ina uzito wake. Kamera inayopima mwendo kwenye nukta moja itatuletea tabia ileile ya tochi: breki kwenye kamera, mafuta baada ya kamera. Ninaomba mfikirie ile inayopima wastani, ambayo Uingereza imekuwa ikiitumia kwenye maeneo ya ujenzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kamera moja inasoma namba ya gari linapoingia, nyingine inaisoma linapotoka, na muda uliotumika ndio unaotoa hesabu. Kwa kipande cha kilomita 3 chenye ukomo wa kilomita 40 kwa saa, gari linalotii litatumia dakika nne na nusu; linalokwenda 80 litatumia dakika mbili na robo. Hapo kupigana taa hakusaidii kitu. Na tofauti yenyewe, dakika mbili na robo, ndiyo tunayoihatarishia maisha ya abiria, kisha tunakwenda kusubiri dakika kumi kwenye bendera inayofuata.

Faida ya kupima wastani ni kubwa zaidi kwenye miteremko. Juni 2025, katika mteremko wa kuelekea Mbalizi, lori lililoshindwa breki liligonga magari mengine na watu 28 wakapoteza maisha. Sitadai kwamba kamera ingelizuia lori lile, kwa kuwa kamera haiwezi kushika breki. Ninachojua, na kila dereva wa lori anakijua ingawa si wote wanaokifuata, ni kwamba lori lenye mzigo likianza kuteremka kwa gia nzito na mwendo mdogo, injini yenyewe hulizuia na breki hubaki baridi. Likianza kwa kasi, au dereva akiweka frii ili aokoe mafuta, breki zinakanyagwa muda wote, zinapata moto na kuacha kushika. Ajali ya chini ya mlima huandaliwa juu ya mlima. Kwa hiyo penye ujenzi kwenye mteremko, kamera ya kwanza iwe kileleni, na ukomo wa mwendo wa malori uanzie hapo, hata kama fundi wa kwanza yuko kilomita mbili chini.

Nigusie sasa faini. Kwa utaratibu wetu, anayezidisha mwendo kidogo na anayepita kama mshale wote huandikiwa shilingi 30,000. Bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi shilingi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021, na ulikuwa uamuzi wa busara, kwani ulikubali kwamba adhabu ipimwe kwa uwezo wa anayeadhibiwa. Lakini kwa upande wa mwendo, bei moja kwa makosa yote inamaanisha kwamba aliyekwishavuka 50 hana sababu ya kifedha ya kutofika 90. Ninaunga mkono faini ya ngazi: onyo kwa wa mara ya kwanza aliyezidisha kidogo, kiasi cha sasa kwa aliyezidisha vya kutosha, na kiasi kikubwa, pamoja na leseni kuangaliwa, kwa anayepita penye mafundi kana kwamba hawapo.

Waheshimiwa, mtuulize pia sisi matajiri wa magari ni nani analipa. Dereva wa Hiace anakimbizana na hesabu ya bosi. Asipoifikisha jioni, kesho gari linapewa mtu mwingine. Dereva wa lori la masafa marefu anapangiwa siku ya kushusha mzigo na mtu ambaye hajawahi kuiona Nzovwe ikiwa na tope. Kamera huandika namba ya gari, kwa hiyo deni litamfikia mmiliki, na mmiliki atalikata kwenye mshahara wa dereva huku hesabu ikibaki ileile. Sheria ikisema kwamba gari likirudia kosa katika eneo la ujenzi kwa idadi fulani ya mara ndani ya mwaka, mmiliki mwenyewe anaitwa LATRA kueleza ratiba zake, nawahakikishia kwamba ratiba zitabadilika upesi. Vilevile LATRA inao mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi. Vipande vya ujenzi na ukomo wake wa muda viingizwe humo, ili basi linapoingia Nsalaga lipimwe kwa mwendo wa eneo la ujenzi, na siyo kwa ule wa barabara iliyo wazi.

Malori yenye namba za kigeni yasisahauliwe. Kamera isiyoweza kumtoza mwenye namba ya Zambia, Malawi au Kongo itakuwa kamera ya Watanzania peke yao, na madereva wetu hawataacha kuisema kasoro hiyo. Mengi ya magari hayo hupita mipaka ya Tunduma au Kasumulu. Deni likionekana mpakani kabla gari halijavuka, suala hilo limekwisha.

Ninakuja kwa mkandarasi, ambaye katika mijadala mingi ya mwendo kasi hatajwi. Haiwezekani dereva atozwe kwa kupuuza kibao, halafu aliyepaswa kukiweka, kukiwasha taa usiku na kukiondoa asitozwe chochote kwa kutofanya hivyo. Picha zilezile za kamera zinaweza kutumika pande zote mbili: mhandisi msimamizi azitazame kila asubuhi, na pale zinapoonyesha eneo halina mafundi kwa siku kadhaa huku ukomo ukibaki kilomita 30, mkandarasi akatwe kwenye malipo yake. Shimo lililoachwa usiku bila taa lihesabiwe kosa la usalama barabarani sawa na gari lisilo na taa. Haya yasiishie Mbeya tu. Barabara ya Iringa hadi Msembe, kilomita 104 kuelekea Hifadhi ya Ruaha, nayo ina vumbi lake na vibao vyake.

Kuhusu fedha zitakazopatikana nitasema machache. Uingereza iliwahi kuviachia vikundi vilivyosimamia kamera sehemu ya fedha za faini ili kugharimia shughuli zao, na wananchi wakaanza kuziona kamera kama mradi wa biashara. Kuanzia mwaka 2007 utaratibu huo uliondolewa. Tusipitie njia hiyo ili tujifunze upya. Kampuni itakayofunga kamera ilipwe kwa kazi yake ya kuzifunga na kuzitunza, na isilipwe hata senti kwa idadi ya magari yaliyonaswa. Orodha ya mahali zilipo itangazwe redioni na kwenye mbao za matangazo za stendi ya Nane Nane, kwa kuwa kamera inayojulikana ilipo ndiyo inayopunguza mwendo.

Najua sheria, zabuni na bajeti vitachukua muda, na pengine njia nne zitakuwa zimekamilika kabla kamera ya kwanza haijawashwa. Kuna sehemu moja isiyohitaji kusubiri. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, na ukungu haujateremka tena Uyole asubuhi, ninaomba wahandisi wasimamizi waagizwe kupita kila mmoja kwenye kipande chake, waondoe kila kibao cha muda ambacho mbele yake hakuna kazi, na wakiweke pale palipo na shimo na hakuna kibao. Kwa hilo inatosha pikapu moja, mafundi wawili na spana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mmiliki wa Coaster,
Uyole, Mbeya.